Friji ya Chanjo Ikiacha Kupoza: Tuokoe Chanjo Kwanza, Halafu Tutafute Kosa

Na mhudumu wa afya wa kujitolea (VHT)



Siku ya chanjo mama huamka mapema, anamwogesha mtoto, anaacha jerikeni zake kwenye foleni ya maji na kwenda kituoni. Akifika anaambiwa, "Rudi kesho kutwa, friji haipozi." Anarudi nyumbani na hasira, na njiani anakutana na maneno. Mmoja anasema chanjo zimeuzwa. Mwingine anasema chanjo zimeoza na watoto watachomwa dawa mbovu. Siku ya kurudi ikifika, wengine hawaendi tena, na mtoto anabaki bila kinga.

Sisi VHT tunaulizwa maswali hayo kila tunapopita nyumba kwa nyumba. Kwa hiyo katika toleo hili tunaeleza jinsi friji (wengine wetu tunaiita firigo) inavyofanya kazi, kwa nini inaacha kupoza, jinsi kosa linavyotafutwa, na kinachofanyika ili chanjo isipotee. Wenye friji dukani nao watapata faida humu, maana makosa mengi ni yale yale.

KWA NINI BARIDI INA MAANA KUBWA

Chanjo si kama vidonge vya kutuliza maumivu ambavyo unaweza kuweka kabatini. Inatakiwa ikae kwenye baridi tangu inapotoka kiwandani mpaka inapomfikia mtoto, na kwenye friji ya kituo baridi hiyo ni digrii 2 hadi 8. Safari hiyo yote ya baridi inaitwa mnyororo baridi. Friji ya kituo chetu ndiyo sehemu ya mwisho ya safari hiyo.

Kuna hatari mbili, na watu wengi wanaijua moja tu.

Hatari ya kwanza ni joto. Chanjo ya matone ya polio inaharibika upesi sana kwenye joto. Chanjo ya surua nayo inaharibika upesi ikishachanganywa na maji yake, na ndiyo sababu nesi anaitupa baada ya saa 6 au zoezi likiisha, hata kama chupa bado ina dozi.

Hatari ya pili ni kuganda. Chanjo ya sindano tatu za wiki ya 6, ya 10 na ya 14, ambayo inakinga dondakoo, kifaduro, pepopunda, homa ya ini B na Hib, ikiganda inakufa. Chanjo ya pepopunda wanayopewa akina mama wajawazito ni hivyo hivyo. Ikiyeyuka inaonekana kama dawa nzima, lakini nguvu imeondoka. Kwa hiyo friji inayopoza kupita kiasi ni mbaya sawa na friji isiyopoza.

Tusidharau jambo hili. Mgonjwa mmoja wa surua anaweza kuambukiza watu 12 hadi 18 wasio na kinga. Tunaotoka Kongo tunakumbuka mlipuko wa surua uliotangazwa kwisha Agosti 2020: uliua watu zaidi ya 7,000, wengi wao watoto wadogo. Hapa kambini nyumba zimebanana, na watoto wanacheza pamoja mchana kutwa. Surua ikiingia kwenye kijiji chenye watoto wasiochanjwa, haichagui kabila wala nchi uliyotoka.

FRIJI INAPOZAJE?

Watu wengi wanafikiri friji inatengeneza baridi. Kazi yake hasa ni kutoa joto lililo ndani na kulitupa nje. Weka mkono nyuma ya friji inayofanya kazi vizuri, utasikia joto. Hilo ndilo joto lililotoka ndani. Ukikumbuka jambo hili moja utaelewa makosa karibu yote, maana joto likikosa njia ya kutoka nyuma, au likiwa linaingia tena kupitia mlangoni, ndani hakutapoa.

Zipo aina tatu tunazozikuta kwenye makambi.

Ya kwanza ni ya umeme yenye kompresa, ile chupa nyeusi ya chuma iliyo chini nyuma. Kompresa inasukuma gesi kwenye mabomba. Gesi ikipita ndani ya friji inabeba joto, na ikifika kwenye mabomba ya nyuma inalitoa.

Ya pili ni ya gesi ya mtungi au mafuta ya taa. Hii haina kompresa na haipigi kelele. Watu wanashangaa moto unawezaje kuleta baridi. Ndani ya mabomba yake kuna amonia, maji na haidrojeni. Moto mdogo unachemsha amonia itoke kwenye maji, inapanda juu, inapoa na kuwa maji maji, halafu inashuka na kuvukiza upande wa ndani, na hapo ndipo inapobeba joto. Friji ya namna hii ilibuniwa na wanafunzi wawili wa Sweden, Baltzar von Platen na Carl Munters, mwaka 1922. Kwa miaka mingi ilitunza chanjo mahali pasipo na umeme. Siku hizi zinaondolewa pole pole.

Ya tatu ni ya sola. Nyingine zinatumia betri. Zile mpya hazina betri: paneli inaendesha kompresa moja kwa moja mchana, na ndani ya kuta za friji kuna maji au barafu inayotunza baridi usiku kucha.

HATUA YA KWANZA: USIFUNGUE MLANGO

Friji ikiacha kupoza, mtu wa kwanza kuona hukimbilia kufungua mlango na kugusa gusa. Hilo ni kosa. Friji iliyofungwa vizuri inatunza baridi kwa saa kadhaa. Kila unapofungua, baridi inamwagika nje kama maji.

Nesi anafanya hivi:

1. Anasoma kipimajoto na kuandika digrii na saa kwenye daftari la friji. Daftari hilo linaandikwa mara mbili kila siku, asubuhi na jioni, hata sikukuu.

2. Anapiga simu kwa msimamizi wake na kwa fundi wa mnyororo baridi wa wilaya.

3. Akiona joto linakaribia digrii 8 na kosa halijapatikana, anahamisha chanjo kwenye kasha baridi lenye pakiti za barafu, au anazipeleka kituo cha jirani chenye friji nzima.

Kwenye kuhamisha kuna jambo la kuangalia. Pakiti ya barafu iliyotoka kwenye friza sasa hivi ni ngumu kama jiwe na inaweza kugandisha chanjo zilizo karibu nayo. Kwanza inaachwa nje mpaka ukiitikisa usikie maji yanacheza ndani. Hapo ndipo inapangwa kwenye kasha. Ndiyo maana unaweza kumkuta nesi au VHT amepanga pakiti za barafu juu ya meza na kuzingoja. Hachezi, wala hajasahau kazi.

CHUPA YENYEWE INASEMA

Swali kubwa la wazazi ni hili: "Nitajuaje kama chanjo ya mwanangu haikuharibika siku friji ilipokufa?"

Jibu liko kwenye chupa. Chupa nyingi za chanjo zina alama ndogo ya duara, na katikati ya duara kuna mraba. Mraba ukiwa na rangi nyeupe kuliko duara, chanjo ni nzima. Joto likiingia, mraba unakuwa mweusi kidogo kidogo, wala haurudi nyuma. Ukifanana na duara, au ukiwa mweusi kuliko duara, chanjo inatupwa, hata kama tarehe yake haijapita. Mzazi yeyote anaweza kumwomba nesi kwa heshima amwonyeshe alama hiyo. Hata asiyejua kusoma ataielewa.

Lakini alama hiyo inaonyesha joto tu, haionyeshi kuganda. Kwa kuganda kuna njia nyingine. Nesi anachukua chupa anayoishuku na chupa nyingine ya aina ile ile, ya kiwanda kile kile, ambayo ameigandisha makusudi usiku kucha ikayeyuka. Anazitikisa zote mbili na kuziweka mezani. Ile iliyoganda inakuwa na chembe chembe zinazozama chini upesi. Ile inayoshukiwa ikizama vile vile, inatupwa pamoja na nyingine zote zilizokaa nayo. Jaribio hili ni kwa chanjo zile zinazoogopa kuganda, na linafanywa na aliyefundishwa.

KUTAFUTA KOSA: ANZA NJE, MALIZIA NDANI

Mafundi wazuri wana tabia moja: hawafungui kitu kabla ya kuangalia yale yanayoonekana kwa macho. Mara nyingi friji haijafa. Imezuiwa tu. Kwa friji ya aina yoyote angalia haya kwa mpangilio:

Nguvu inafika? Plagi imekaa vizuri? Fyuzi ni nzima? Umeme upo? Mtungi una gesi? Paneli inapata jua? Friji ngapi zimeitiwa fundi kutoka mbali, na kumbe aliyefagia chumba alichomoa waya!

Nyuma kuna nafasi? Friji iliyobanwa ukutani haipumui. Isogeze, acha nafasi ya kiganja au zaidi nyuma na pembeni. Usirundike maboksi juu yake. Futa vumbi kwenye mabomba ya nyuma kwa brashi laini, friji ikiwa imezimwa.

Mpira wa mlango unashika? Funga mlango ukiwa umebana karatasi au noti katikati, halafu ivute. Ikitoka bila kukataa, mpira umelegea na joto linaingia. Zunguka mlango wote. Mpira mchafu unaoshwa kwa maji ya uvuguvugu na sabuni. Uliopasuka unabadilishwa.

Barafu imejaa? Barafu nene ndani ya friji haiongezi baridi, inaizuia kama blanketi. Ikifika unene wa nusu sentimita au zaidi, hamisha vilivyomo, zima friji, acha mlango wazi iyeyuke yenyewe. Usiikwangue kwa kisu wala bisibisi. Nyuma ya barafu kuna bomba jembamba lenye gesi. Ukilitoboa, umeiua friji kabisa.

Kitufe cha baridi kiko wapi? Kinaweza kuwa kiligeuzwa na mtu akitafuta baridi zaidi, au na mtoto. Kwa friji ya chanjo, kitufe kikishawekwa sawa hakiguswi tena. Umeme ukikatika na kurudi, kuna watu wanakipeleka mpaka mwisho ili friji "ikimbie". Haikimbii. Itapoza kwa mwendo wake ule ule, halafu usiku itapita digrii 2 na kugandisha kila kitu.

Ndani kumejazwa nini? Hewa baridi inatakiwa izunguke. Maboksi yakibanana, sehemu moja inaganda na nyingine inapata joto.

FRIJI YA GESI AU MAFUTA YA TAA

Kwa friji hizi kuna mambo matatu ya kuongeza.

Kwanza, isimame sawa. Kwa sababu haina kompresa ya kusukuma, amonia inashuka kwenye mabomba kwa uzito wake tu. Friji ikiinama, inasimama njiani. Weka pima maji ya fundi mwashi juu yake, kwa urefu na kwa upana. Kama hakuna pima maji, sahani yenye maji itakuonyesha.

Pili, moto uwe wa buluu. Moto wa njano unaorusha masizi ni moto mbaya: hauchemshi vizuri, na unatoa hewa ya sumu chumbani. Kwa mafuta ya taa, utambi unakatwa sawa na mafuta yawe safi, bila maji. Kwa gesi, kitundu cha kutolea gesi kinaweza kuwa kimeziba. Kinasafishwa na fundi, hakichokolewi kwa sindano, maana kikipanuka moto unakuwa mkubwa kupita kiasi. Bomba la moshi nalo lisafishwe masizi.

Tatu, nusa na uangalie. Ukisikia harufu kali ya amonia inayochoma macho, au ukiona unga wa njano kwenye mabomba ya nyuma karibu na moto, mabomba yamevuja. Zima moto, fungua madirisha, toka nje. Hapo hakuna tengenezo la kituoni. Sehemu yote ya kupozea inabadilishwa. Na ukishuku gesi ya mtungi inavuja, paka povu la sabuni kwenye maungio uone kama linatoa mapovu. Usitumie kiberiti kamwe.

FRIJI YA SOLA

Hapa makosa mengi hayako kwenye friji, yako juu ya bati. Vumbi la kiangazi linafunika paneli. Mti uliokuwa mdogo unakua na kutupa kivuli. Hata kivuli cha tawi moja kinapunguza nguvu nyingi. Paneli inafutwa kwa maji na kitambaa laini, asubuhi mapema au jioni, siyo saa sita ya mchana ikiwa imechemka.

Kwa zile zenye betri kuna adui mwingine, na hapa tuseme ukweli. Ni simu zetu. Mtu anamwomba mlinzi achajishe simu moja, kesho zinakuwa kumi, na taa ya nje, na redio. Betri iliyopimwa kwa kazi ya friji peke yake inaishiwa usiku. Asubuhi kipimajoto kinasoma digrii 12. Betri ikizimika hivyo mara nyingi inakufa kabla ya wakati wake, na betri mpya ni ghali. Ndugu zangu, waya wa friji ya chanjo hauungwi kitu kingine hata siku moja.

KISA CHA KITUO KIMOJA

Hapa kusini-magharibi mwa Uganda kuna kituo kidogo kilichokuwa na friji ya gesi ya zamani. Nilikuwa mmoja wa VHT waliopangiwa siku za chanjo pale. Daftari lilionyesha Jumatatu digrii 5, Jumanne asubuhi 7, Jumanne jioni 8. Jumatano asubuhi kipimajoto kilisoma 10.

Dada muuguzi hakufungua mlango. Alipiga simu wilayani, akamtuma bodaboda kituo cha jirani kuleta kasha baridi na pakiti za barafu. Zilipofika zikiwa ngumu, tulizipanga mezani tukangoja. Mama mmoja aliuliza kwa nini tumekaa tu na chanjo zinaharibika. Dada alimpa pakiti moja aitikise, akamweleza. Maji yalipoanza kucheza ndani, tulihamisha. Dada aliangalia alama ya kila chupa. Zote mraba ulikuwa bado mweupe. Chupa zilipelekwa kwa jirani zikiwa salama.

Ndipo tukaanza kuangalia friji kwa mpangilio. Mtungi ulikuwa na gesi. Mpira ulishika. Lakini kwenye kioo kidogo cha chini moto ulikuwa wa njano, na sahani ya maji ilionyesha friji imeinama upande mmoja. Mvua za wiki mbili zilikuwa zimelegeza udongo, sakafu ikazama kwenye kona ile. Fundi alifika kesho yake. Alisafisha bomba la moshi, akatoa masizi ya kujaza kikombe, akafungua na kusafisha sehemu ya moto, akaweka ubao chini ya miguu miwili mpaka pima maji ikatulia katikati. Hakubadilisha hata kifaa kimoja.

Aliwasha moto, ukawa wa buluu. Lakini hakuruhusu chanjo zirudi siku ile. Friji ya namna hii inapoza pole pole; inahitaji siku nzima au zaidi. Tuliandika digrii asubuhi na jioni mpaka ilipokaa kati ya 2 na 8 bila kupanda wala kushuka kupita hapo. Ndipo chanjo zikarudishwa, na akina mama wakaitwa kwa kipaza sauti.

Tuone funzo lake. Friji ile ilianza kutoa habari Jumanne. Digrii 5, 7, 8 ni dalili, kama mtoto anayeanza kuchemka mwili kabla ya homa kali. Anayesoma daftari kila siku anaitibu friji mapema. Usipoziba ufa, utajenga ukuta.

NA FRIJI YA DUKANI?

Wapo ndugu zetu wanaouza soda, maji baridi, maziwa na samaki. Kosa la friji ya dukani linakula mtaji wote. Mambo ya nje ni yale tuliyotaja. Ongeza haya:

Kompresa inanguruma kidogo, inalia "tak", inanyamaza, halafu inarudia baada ya dakika chache. Mara nyingi umeme ni dhaifu, au kiwashio cha kompresa kimekufa. Pima umeme kwanza. Jenereta ndogo iliyobebeshwa taa, redio na kinyozi haiwezi kuwasha friji. Kiwashio ni kifaa kidogo cha bei nafuu. Usikubali kuuziwa kompresa kabla hakijapimwa.

Umeme ukikatika na kurudi, chomoa plagi, ngoja dakika 5 au zaidi, ndipo uwashe. Kompresa ikilazimishwa kuanza mara moja inaungua. Na friji iliyosafirishwa ikiwa imelala, isimamishe kwa saa kadhaa kabla ya kuiwasha, mafuta ya kompresa yarudi mahali pake.

Kompresa inafanya kazi bila kupumzika, lakini ndani hakuna baridi na mabomba ya nyuma hayana joto. Hapo inawezekana gesi imetoka. Fundi atakwambia "tuongeze gesi". Muulize: imetoka wapi? Gesi ya friji haiishi kwa kutumika kama mafuta ya taa. Ikipungua, kuna mahali inavuja. Akijaza bila kuziba tundu, baada ya muda utalipa tena. Tena soma karatasi ya nyuma ya friji: ikiandikwa R600a, gesi hiyo inashika moto. Isichomewe na mtu asiyeijua.

Chakula nacho: maziwa, nyama na samaki vilivyokaa kwenye joto mchana kutwa havirudi kuwa vizima kwa sababu friji imepona jioni. Usiviuze. Kuhara kwa wateja wako kutarudi mlangoni kwako.

WENYE KISUKARI WANAULIZA

Wagonjwa wanaotumia insulini wana hofu wakisikia friji imekufa. Kwao kuna habari njema. Utafiti wa MSF na Chuo Kikuu cha Geneva, uliofuata hali ya joto ya kambi ya Dagahaley huko Dadaab, Kenya, na kutolewa mwaka 2021, ulionyesha kwamba insulini iliyokaa kwenye joto la kupanda na kushuka kati ya digrii 25 na 37 kwa wiki 4 ilibaki na nguvu yake. Kwa hiyo usiache kuchoma dawa kwa sababu huna friji. Weka chupa unayotumia kivulini, mahali pa ubaridi kama karibu na mtungi wa udongo wa maji, mbali na jua na jiko, na ufuate muda aliokupa daktari. Ila usichukue maneno haya ukayapeleka kwenye chanjo. Insulini si chanjo.

SISI WAKAZI TUFANYE NINI?

1. Tusiombe kuweka soda, nyama wala maji kwenye friji ya chanjo. Kila mlango unapofunguliwa, mtoto wa jirani yako anapoteza kinga.

2. Tusichajishe simu kwenye sola ya friji. Tusianike nguo wala kurusha mawe karibu na paneli.

3. Tukiona mti unatupa kivuli kwenye paneli, au bati la kituo linavuja, tuwaambie VHT au kiongozi wa kijiji mapema.

4. Tukiambiwa turudi siku nyingine, tuombe siku hiyo iandikwe kwenye kadi ya mtoto, na turudi. Dozi iliyochelewa siku chache bado inafaa. Dozi isiyotolewa kabisa ndiyo hatari. Chanjo ya surua mtoto anaipata akiwa na miezi 9, na tena akiwa na miezi 18. Ukiwa umechelewa, njoo hivyo hivyo, hakuna atakayekufukuza.

5. Ukisikia mtu anasema chanjo zimeoza, usibishane naye barabarani. Mlete kituoni aonyeshwe daftari la friji na alama ya chupa. Vitu hivyo havifichwi.

Kama una swali, mwulize VHT wa kijiji chako, au fika kituoni asubuhi kabla foleni haijawa ndefu. Na kama wewe ni fundi wa friji, wa redio au wa sola, ulifanya kazi hiyo nyumbani kabla ya vita, tunakuomba ujiandikishe kwa VHT wako. Fundi wa wilaya anatoka mbali na barabara ya mvua tunaijua. Mtu wa karibu anayejua kutofautisha moto wa buluu na wa njano anaweza kuokoa chanjo za kijiji kizima kabla gari halijafika.